Muulize Mwalimu: Kabla Hajaziba Masikio, Kulitokea Nini?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 iwe ya kuwafahamisha watu kuhusu usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, sanduku la safu hii hujaa. Shule hutundika mabango, watoto huvalishwa rangi ya buluu, hotuba husomwa. Tarehe 3 mabango yanashushwa, na mwalimu anabaki na mwanafunzi wake, dawati lake na kengele yake. Barua nilizochagua leo ni za watu wa tarehe 3. Nimezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto. Anayetaka maelezo marefu ya usonji ni nini ataniwia radhi. Hapa tunashughulika na darasa.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la pili lenye wanafunzi zaidi ya hamsini. Mwaka huu nimeletewa mvulana mwenye karatasi ya daktari inayosema ana usonji. Kusoma anawashinda wenzake wote. Lakini karibu kila siku, muda mfupi kabla ya mapumziko, anaziba masikio, anaingia chini ya dawati na kupiga mayowe. Nikimvuta atoke, ananiuma. Walimu wenzangu wanasema nimemdekeza. Nifanyeje?
*Mwalimu wa darasa la pili*

Marahaba, mwanangu. Jibu lako limo ndani ya barua yako mwenyewe: "muda mfupi kabla ya mapumziko". Tabia inayokuja saa ileile kila siku ina jambo linaloitangulia saa ileile. Wenzako wanaosema umemdekeza wanaanza kuhesabu pale mtoto anapoingia chini ya dawati. Wewe anza kuhesabu robo saa kabla yake.

Chukua daftari, chora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Usiandike "alikuwa mkorofi" wala "alikasirika". Hizo ni hukumu. Andika kinachoonekana na kusikika. "Wanafunzi wanakusanya madaftari. Madawati yanaburutwa. Nimepaza sauti. Ameziba masikio." Jaza hivyo kwa wiki mbili, hata kama ni maneno matatu matatu, kisha kaa uyasome yote kwa mkupuo.

Niliwahi kuitwa nitazame darasa linalofanana na lako. Kila mtu alitaka nimtazame mtoto. Mimi nikaketi nyuma nikalitazama darasa. Alikuwa msichana mdogo, amekaa dirishani. Nje ya dirisha hilo, juu kidogo, ndipo ilipofungwa kengele ya umeme. Mapumziko yalipokaribia mwalimu alisema "malizieni", na darasa zima likaanza: vifuniko vya madawati vikabamizwa, viti vikaburutwa sakafuni, kiranja akapita akikusanya madaftari na kuita majina. Yule msichana aliacha kuandika. Akatazama saa ya ukutani, akatazama dirisha, akarudi kwenye saa. Mabega yakapanda taratibu hadi karibu na masikio. Kengele ilipolia naye akalia, na wote wakageuka kumtazama kana kwamba mambo yameanza hapo.

Kengele yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya tabu yake. Kubwa lilikuwa kuingojea, katikati ya makelele, bila kujua itapasua masikio sekunde ipi. Mwalimu wake alimhamishia ukuta wa pili, karibu na mlango. Akaacha kukusanya madaftari yote kwa pamoja, akawa anakusanya safu moja moja wakati wengine bado wanaandika. Na akampa kazi: kabla kengele haijalia, yeye ndiye apeleke daftari la mahudhurio ofisini. Kengele ikawa inamkuta nje, mbali nayo, ana kazi mkononi. Mayowe hayakwisha kabisa, kwa sababu zipo siku ofisi imefungwa na zipo siku kengele inapigwa mapema. Lakini yalipungua kiasi cha mwalimu kupata nafasi ya kugundua kwamba mtoto huyo anapenda sana kuchora ramani.

Wenzako wakikuambia hizi ni mbwembwe, waambie kwamba jambo la milango ya fahamu si nyongeza ya walimu wapole. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la mwaka 2013, uliliingiza rasmi kati ya dalili za usonji: mtu kusikia, kuona, kunusa au kuguswa kwa ukali unaozidi wa wengine, au kinyume chake, kutohisi kile ambacho wengine wanakihisi. Taa za mirija za aina ya zamani, penye umeme wa hezi 50, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Wewe na mimi hatuoni. Wapo watoto ambao mlio wake tu unawamalizia nguvu kabla ya somo la pili. Ukiweza kuizima taa moja iliyo juu ya kichwa chake na kutumia mwanga wa dirisha, izime.

Jambo la pili ni ratiba ya picha. Mtindo huu ulienezwa na Eric Schopler na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ambao kuanzia mwaka 1972 walikuwa na mpango wa jimbo zima wa kuwafundisha watoto wenye usonji, na msingi wao ulikuwa rahisi: mtoto aione siku yake badala ya kuambiwa tu. Huhitaji mashine. Kata ukanda wa boksi gumu wenye urefu wa dawati. Chora kwa kalamu, mchoro mmoja kwa kila kipindi: kitabu, namba, kengele, mpira, kitabu tena, mlango. Chini ya kila mchoro andika neno lake, maana wako anasoma. Bana kibanio cha nguo kwenye kipindi mlichomo, na kila kipindi kikiisha, yeye mwenyewe akisogeze. Kukisogeza ndiyo shughuli yenyewe, usimfanyie. Weka na kadi moja ya ziada yenye alama ya mshangao, ya siku mambo yatakapobadilika. Mgeni akija, mvua ikizuia michezo, mwalimu akiugua, bandika kadi hiyo mahali pa kipindi kilichoondolewa, mapema iwezekanavyo, umwonyeshe kinachokuja badala yake. Ratiba isiyo na kadi ya mabadiliko inamfundisha mtoto kwamba ukuta hausemi uongo, halafu siku moja unasema.

Sasa, akiwa tayari yuko chini ya dawati. Usimvute. Mtoto aliyefika hapo hana tena uwezo wa kupima maneno yako, na mkono unaomshika anauhisi kama shambulio; ndiyo maana anauma. Asemaye awe mtu mmoja tu, na aseme kidogo: "Uko salama. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Usimuulize "kwa nini". Hata mtu mzima aliyechanganyikiwa hajibu swali hilo. Chuchumaa ubavuni mwake bila kumkodolea macho. Wenzake watoke mapumziko kama kawaida, usiwafanye watazamaji. Mtoto anayedeka huchungulia kuona kama unamtazama, na akipata alichotaka ananyamaza. Huyu hata ukimpa kila kitu hawezi kunyamaza kwa amri, mpaka mwili wenyewe utulie. Akitoka, atakuwa amechoka. Mpe maji, mpe dakika zake, umrudishie kazi nyepesi anayoijua. Hotuba ya nidhamu iache, na fimbo iache zaidi.

Nimekuandikia marefu kuliko nilivyokusudia. Barua zinazofuata zitanisamehe.

Mwalimu, nilimwambia mwanafunzi wangu kwa hasira, "Toka, sitaki kukuona tena hapa." Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Mama yake alipofuatilia, mtoto alisema mwalimu amekataza. Nilidhani anatania.
*Mwalimu wa hisabati*

Hakutania. Alikutii kuliko mwanafunzi mwingine yeyote shuleni kwako.

Lugha yetu imejaa maneno yanayosema hivi yakimaanisha vile, na darasani ndiko tunakoyamwaga. Tega sikio. Funga mdomo. Kaa chonjo. Leo utanitambua. Watoto wengi huyachukua kwa maana yake ya pembeni bila kufikiri. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huyachukua yalivyo, au husimama kwanza kuyapima, na akiwa bado anapima wewe umeshasema mengine mawili. Sikuambii uzike methali zote. Anaweza kuzifundishwa, na wengine huzipenda mno wakishaelezwa, wakawa wanazikusanya. Lakini maagizo ya kazi yawe wazi: nani, afanye nini, kiasi gani, mpaka lini. "Fungua ukurasa wa 12. Fanya swali la 1 mpaka la 5. Ukimaliza, weka kalamu juu ya daftari." Na sema unachokitaka, si usichokitaka. "Usikimbie" haimwambii afanye nini na miguu; "tembea" inamwambia.

Kwa kuwa unafundisha hisabati, angalia na mitihani yako. Nimewahi kuona karatasi yenye swali, "Je, unaweza kuonyesha njia uliyotumia?" Mtoto ameandika, kwa mwandiko mzuri, "Ndiyo." Kapewa sifuri. Mimi ningempa haki yake na kumnyima mtunga swali. Andika "Onyesha njia uliyotumia," na hutapata shida hiyo, wala kwa watoto wengine wanaolisoma swali haraka.

Kuhusu huyo aliyebaki nyumbani: nenda umwambie kwa maneno mafupi, "Nilikosea kusema vile. Njoo shule kesho. Kiti chako kipo." Usiongeze kitu.

Anapungapunga mikono akifurahi, na wenzake wanacheka. Pia hanitazami machoni nikimfundisha. Nimzoeze kuacha?
*Mwalimu wa awali*

Mikono iache ipunge. Inamtuliza au inasema furaha yake, na haimdhuru mtu. Ingekuwa anajipiga kichwa au kujing'ata, hapo tungezungumza lugha nyingine na ungemhitaji mtaalamu. Wanaohitaji kuzoezwa ni hao wanaocheka, na watoto wa awali huzoea haraka kuliko walimu.

Macho nayo yaache. Watu wazima wengi wenye usonji wameeleza kwamba wakilazimishwa kutazama macho ya mtu, nguvu zote zinaishia hapo na maneno hawayasikii tena. Ukitaka kujua kama amekusikia, mpe kitu akifanye na uone.

Habari za kazi, Mwalimu. Mwanafunzi wangu wa miaka sita nikimuuliza "Unataka maji?" ananijibu "Unataka maji?" Nikimwambia "Sema ndiyo," anasema "Sema ndiyo." Wakati mwingine, katikati ya somo, anatamka tangazo zima la redio kwa sauti ileile ya mtangazaji. Kuna wanaosema ananidhihaki. Mimi naona kama kasuku. Je, ataongea kweli?
*Mwalimu msaidizi*

Nzuri. Na nimefurahi uliandika "naona" badala ya "najua", kwa sababu ukasuku huo una kazi.

Kurudia maneno ya wengine ni jambo la zamani katika habari za usonji. Daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza huko Marekani, alilieleza waziwazi: watoto waliorudia maswali walivyoyasikia, na kujiita "wewe" kwa kuwa ndivyo wanavyoitwa. Kwa muda mrefu baadaye watu waliona ni kelele tupu za kuzimwa. Siku hizi wataalamu wa usemi wanaichukulia kama njia ya kuifikia lugha. Wengi wetu tulianza na neno moja, tukaunganisha mawili, tukafika kwenye sentensi. Mtoto huyu anaokota sentensi nzima, pamoja na sauti na hali ilimotokea, na baadaye ndipo anaanza kuikata vipande.

Kwa hiyo ukisikia tangazo la redio, usikimbilie kusema "nyamaza". Jiulize linakuja wakati gani. Kuna mvulana aliyekuwa akisema "Gari limefika, twende," kila hesabu zilipokuwa ngumu. Gari halikuwapo. Ila siku moja alikuwa mahali penye kelele za kumtesa, na mtu aliyekuja kumchukua alisema maneno hayo. Tangu hapo kwake sentensi hiyo ilimaanisha: nataka kutoka. Mwalimu alipoijua, akawa anamjibu, "Nataka kupumzika," huku anamwonyesha kadi ya kiti cha pembeni, na kumruhusu akae huko kidogo. Polepole mtoto akaanza kuitumia ile fupi. Huyo mwalimu hakumfundisha kuongea, maana alikuwa anaongea tangu zamani. Alimpa maneno ambayo na wengine wangeyaelewa.

Kwa upande wa maji: acha kuuliza. Shika kikombe, sema sentensi ambayo ingefaa itoke kinywani mwake, "Nataka maji," kisha ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo walimu tunaposhindwa. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Utaona ni muda mrefu ajabu, utatamani kurudia agizo kwa maneno mengine ukidhani unasaidia, kumbe umemfutia hesabu naye anaanza upya. Ukilazimika kurudia, rudia maneno yaleyale.

Swali lako la mwisho, kama ataongea "kweli", silijibu kwa sababu hakuna anayeweza kulijibu kwa mtoto wa miaka sita. Ninachokijua ni kwamba hupaswi kungoja ulimi ndipo umpe njia ya kusema. Wataalamu wa Marekani Andy Bondy na Lori Frost walianzisha mwaka 1985 mpango wa kubadilishana kadi za picha: mtoto anampa mtu kadi ya kitu, anapewa kitu. Kuna hofu kubwa miongoni mwa wazazi kwamba mtoto akizoea kadi hataongea. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Kwa baadhi ya watoto maneno yameongezeka. Na yule ambaye hataongea kamwe kwa mdomo bado ana haki ya kukataa, kuomba, kulalamika na kutania. Hakikisha basi kwamba kati ya kadi zako ipo ya "hapana" na ipo ya "basi". Nimeona mabegi ya kadi yaliyojaa vitu vya kuomba, bila hata moja ya kukataa. Asiye na kadi ya kukataa atakataa kwa meno.

Mwalimu, usinione mbaya. Mwanangu anasoma na mtoto mwenye usonji, na kila siku ninasikia habari zake: leo kakimbia, leo kapiga kelele. Namwonea huruma lakini mwanangu anacheleweshwa. Kwa nini asipelekwe shule yake? Halafu hili tatizo, si inasemekana linatokana na chanjo, au wazazi kutowajali watoto? Mwanangu hawezi kuambukizwa tabia?
*Mzazi mwenye wasiwasi*

Sikuoni mbaya, mzazi mwenzangu, ila umeniletea mzigo wa mambo manne na nitaanza na yale yaliyokwisha kujibiwa.

Chanjo: hapana. Habari hiyo ilienea kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, akaondolewa mwaka huohuo kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Baada ya hapo watoto zaidi ya 650,000 wa Denmark walifuatiliwa katika utafiti uliotoka mwaka 2019, na waliochanjwa dhidi ya surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kutojaliwa na wazazi: hapana pia. Kuna kizazi kizima cha akina mama walioambiwa na wataalamu kwamba ubaridi wa mioyo yao ndio uliowafunga watoto wao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga nadharia hiyo mwaka 1964 kwa ushahidi wa kibiolojia, na leo inajulikana kwamba urithi wa vinasaba una nafasi kubwa. Nakuomba usiirudishe nadharia hiyo getini kwa shule, kwa sababu mama yake yule mtoto anapita hapohapo. Kuambukizwa: usonji hauambukizi. Mwanao anaweza kuiga kelele kwa siku mbili, kama anavyoiga kila kitu, halafu akachoka.

Sasa la kuhama. Azimio la Salamanca la mwaka 1994, kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, vimeweka msimamo kwamba mahali pa kuanzia ni shule ya wote, pamoja na msaada unaohitajika. Shikilia hayo maneno ya mwisho. Mtoto aliyeketishwa darasa la wote bila ratiba, bila mahali pa kutulia, bila mwalimu aliyeelekezwa, hajajumuishwa. Amewekwa tu. Kwa hiyo malalamiko yako yanaweza kuwa na haki ndani yake, ila umeyaelekeza kwa mtu mdogo kuliko wote waliomo chumbani. Peleka kwa mkuu wa shule, na usiulize "ataondoka lini?" Uliza, "Mwalimu huyu amepewa msaada gani?" Ukiuliza hivyo wewe, ambaye mtoto si wako, utasikilizwa kuliko mama yake aliyekwisha kuuliza mara nyingi.

Sitakuficha kwamba wapo watoto ambao darasa kubwa, hata likisaidiwa vipi, linawaumiza, na kitengo kidogo ndicho kinachowafaa, kwa muda au kwa miaka. Uamuzi huo hutokana na hali ya mtoto mwenyewe. Haufanywi kwa kura ya majirani.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa sekondari na nina usonji mimi mwenyewe, nimejua mwaka jana tu. Walimu wanasema mimi ni mtulivu na sina tatizo. Lakini kazi za vikundi zinanimaliza. Wote wanaongea kwa wakati mmoja, nacheka wanapocheka bila kujua wanacheka nini, na nikifika nyumbani nalala chini siwezi kuongea mpaka usiku. Niwaambie wenzangu? Na kuna mwalimu aliniambia niwe kama Temple Grandin.
*Mtulivu*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Walimu wako wameona utulivu kwa sababu ndicho unachowaonyesha, na gharama yake unailipia nyumbani, ambako hawapo. Hili lina historia. Kwa miaka mingi usonji ulitafutwa kwa wavulana, na wasichana waliojifunza kuwaiga wenzao walipita bila kuonekana, wengine hadi utu uzima. Kwa hiyo mwonyeshe mwalimu wa darasa hicho ulichoniandikia mimi, hasa sentensi ya kulala chini. Kama kumwambia ana kwa ana ni kugumu, mpe karatasi, kisha ondoka. Barua si njia ya mwoga.

Kwenye vikundi, omba kazi yenye mipaka. Mwandishi wa kikundi ana mipaka: anaandika, anasoma alichoandika, anauliza "hili tumekubaliana?" na swali hilo peke yake huwanyamazisha wale wanaoongea kwa pamoja. Mshika saa pia. Omba maagizo yaandikwe ubaoni, si kusemwa tu. Omba kikundi cha watu watatu badala ya saba. Mwalimu yeyote anaweza hilo. Na mkubaliane alama ya kutoka, kadi au kalamu ya rangi fulani pembeni ya dawati, itakayokuruhusu kutoka dakika chache bila kusimama mbele ya darasa kujieleza.

Kuwaambia wenzako ni hiari yako, na si lazima iwe tangazo. Anza na mmoja. Mwambie kitu kimoja cha kutumia: "Nikinyamaza ghafla sijakasirika, kelele zimenizidi." Mtafiti Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: kama unavyoshindwa kuwasoma, nao wanashindwa kukusoma wewe. Kwa nini basi kazi yote ya kusoma ifanywe na wewe?

Ama huyo mwalimu wa Temple Grandin. Profesa Grandin, ambaye naye ana usonji, ni mtu wa kuheshimiwa: alichelewa sana kuongea, akaja kuwa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Lakini jina lake nimelisikia likitumiwa kwa watoto wengi mno, kama deni wanalodaiwa. Hakuna mwanafunzi mwingine anayeambiwa alipie kiti chake kwa kuwa bingwa wa dunia. Wewe maliza kidato chako, kwa alama zako, upumzike jioni.

Mwanangu anaingia darasa jipya, mwalimu mpya, jengo jipya. Mwaka jana ilichukua muhula mzima kumzoeza. Tunafanyaje safari hii?
*Baba wa mvulana wa miaka tisa*

Mzee mwenzangu, omba ruhusa mwende shule ikiwa tupu, kabla haijafunguliwa. Mwende kwa njia mtakayoitumia. Piga picha za vitu ambavyo hakuna anayefikiria kuvieleza: mlango wa darasa, kiti, choo na jinsi kinavyofungwa, bomba la maji, kona ya kutulia, uso wa mwalimu mpya. Zibandike kwa mpangilio kwenye daftari, chini ya kila moja sentensi moja fupi ya kweli. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, alianzisha mwaka 1991 mtindo wa visa vifupi vya namna hii, na jambo analolisisitiza ni kwamba kisa kieleze zaidi ya kuamrisha. "Choo kiko mwisho wa ukumbi. Mlango wake ni mzito." Msome pamoja kila jioni mpaka shule ifunguliwe.

Kwa mwalimu, andika ukurasa mmoja, usizidi, maana faili nene halisomwi. Anachopenda. Kinachomsumbua. Dalili za kwamba anaanza kuchoka, zile unazozijua wewe tu: labda anaanza kuvuta kola, labda anaimba wimbo uleule. Kinachomtuliza, na kile ambacho watu hudhani kinamtuliza kumbe kinazidisha. Ukurasa huo mpe mwalimu mkononi, siku ileile ya shule tupu, mtoto akiwepo na wewe ukimwacha azunguke darasa apendavyo. Kama kuna kengele, ulizeni iko wapi na muombe ipigwe mara moja akiwa ameiona.